Magonjwa mawili yasiyo na mlango: barua ya wazi kwa wakuu wa afya nchini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI. Kwa uongozi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Na kwa wakuu wa vyuo vyetu vya tiba.

Waheshimiwa, salaam na heshima zangu ziwafikie.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31, nusu ya kwanza katika wodi ya wanawake na nusu ya pili katika kliniki ya kisukari na presha. Hospitali niliyofanyia kazi sitaitaja, maana ninayoyaeleza hayakuwa ya hospitali moja. Wenzangu niliosoma nao wametawanyika nchi nzima, na tukikutana misibani na harusini hadithi zetu ni zilezile.

Nawaandikia kuhusu fizi za mgonjwa wa kisukari na kuhusu mimba inayotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mtauliza yanahusianaje. Kwa ugonjwa wenyewe hayahusiani, yalikutana tu mikononi mwangu. Lakini yote mawili yalinionyesha kitu kimoja, kwamba ugonjwa ukiangukia katikati ya milango miwili ya hospitali, utafiti wake hata uwe mzuri vipi haumfikii mgonjwa. Kinywa na Meno kuna mlango wake, umeandikwa juu. Kisukari kina mlango wake. Fizi ya mwenye kisukari haina. Mjamzito ana kliniki ya mama na mtoto. Mwanamke mwenye mimba ya wiki sita ambaye hata yeye hajui kama anayo, hana pa kwenda zaidi ya foleni ya wagonjwa wa nje.

Nianze na Mwalimu.

Kliniki yetu ilikuwa Alhamisi. Wagonjwa wanafika alfajiri bila kula, wanakaa kwenye benchi na daftari zao mapajani. Tunapima uzito, tunapima presha, tunatoboa kidole, kisha tunavua viatu tukague miguu. Mwalimu alikuwa amestaafu shule ya msingi, mtu nadhifu, hajawahi kukosa tarehe yake. Sukari yake asubuhi ilikuwa haishuki chini ya 14. Tulimwongezea dawa, tukamwongezea tena, na Mungu anisamehe, tulimgombeza pia. Tulidhani anakula vitu kwa siri.

Alhamisi moja alikuwa akinieleza habari ya mjukuu wake, nikasikia harufu ikitoka mdomoni. Nikamwomba afungue, nikammulikia kwa tochi ya simu. Fizi zilikuwa zimevimba, rangi yake imekuwa damu ya mzee. Nilipobonyeza kwa kidole chenye glavu usaha ukachuruzika kando ya jino. Meno mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yanacheza.

Nikamuuliza, "Mwalimu, siku hizi unakula nini hasa?"

"Uji, sista. Uji na chai, na mkate nauchovya. Ugali wa dona siuwezi tena, maharage yananiumiza, mchicha unanasa kwenye meno nashinda nao siku nzima."

Waheshimiwa, tulikuwa tumempa karatasi ya vyakula inayosema ale dona, maharage na mboga za majani, apunguze uji mlaini na mkate mweupe. Tulimwagiza ale asivyoweza kutafuna, tukamlaumu kwa kula alivyoweza kumeza. Nikafungua daftari lake kurasa za nyuma. Kwa miaka sita miguu imeandikwa, macho yameandikwa, figo zimeandikwa. Mdomo haukuandikwa hata mara moja, na mwandiko mwingi katika daftari lile ni wangu.

Kitengo cha kinywa na meno kilikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua kama themanini. Nilimpeleka mwenyewe. Tabibu wa meno alikuwa peke yake, benchi limejaa wanaosubiri kung'olewa, na mashine ya kusafishia ilikuwa imeharibika. Alikubali kumkwangua ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, kwa vifaa vya mkono, juu na chini ya fizi, kwa awamu nne. Yale meno mawili hayakuokoka. Baada ya miezi mitatu sukari ya asubuhi ilikuwa 9. Sitaki kuwadanganya: ndani ya miezi hiyo Mwalimu alirudia maharage na mboga, na sisi tulimfuatilia kwa karibu zaidi. Siwezi kuapa kwamba ni ugaga peke yake. Lakini nilianza kutafuta watu wa utafiti wanasemaje, nikasaidiwa na kijana wangu aliyekuwa chuoni, na nilichokikuta kilinikosesha usingizi.

Mwaka 1993, Harald Löe, mtafiti wa meno mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Marekani, alieleza kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita la kisukari, baada ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Mwaka 1993! Mimi nilikuwa bado sijahamia kliniki ile. Ushahidi mwingi ulitoka kwa watu wa kabila la Pima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, jamii ambayo kisukari kimeiandama kuliko karibu jamii yoyote duniani na ambayo imefuatiliwa tangu miaka ya 1960. Huko ilionekana kuwa mwenye kisukari hupata ugonjwa wa fizi karibu mara tatu ya asiye nacho. Mwaka 2005 ukatoka utafiti mwingine juu ya watu haohao: wenye kisukari ambao fizi zao zimeharibika vibaya walikufa kwa moyo na figo kiasi cha mara tatu ya wenzao wenye fizi nzuri au zenye tatizo dogo au la wastani. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, hilo nalijua. Ila kwa mtu anayepima figo kila mara na hafungui mdomo hata siku moja, ni habari ya kumfanya asimame.

Njia yenyewe inapita pande zote mbili. Sukari ikikaa juu, askari wa damu wanaopigana na vijidudu wanalegea, mishipa midogo ya fizi inaharibika, na kidonda hakifungi. Fizi ikishavimba, uvimbe ule haukai mdomoni tu. Kemikali zake zinaingia kwenye damu na kuufanya mwili uikatae insulini. Mgonjwa anakuwa kama anayekinga maji huku pakacha linavuja.

Je, kusafisha fizi kunashusha sukari? Hapa nitawaeleza kwa ukweli wote, kwa kuwa watafiti wenyewe walibishana. Mwaka 2013 Wamarekani walitoa matokeo ya wagonjwa 514: waliosafishwa fizi hawakupata nafuu ya sukari kuliko wasiosafishwa. Wengi wakafunga mjadala. Wengine wakauliza, mbona hata baada ya kusafishwa midomo ya wagonjwa wale ilibaki na uchafu mwingi na fizi zikiendelea kutoka damu? Mwaka 2018 London wakajaribu tena kwa watu 264, safari hii kwa matibabu ya kina na ya kurudiwa, na baada ya mwaka mmoja kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ambacho husomwa kwa asilimia, kilikuwa pungufu kwa pointi 0.6 kuliko kwa waliopata usafi wa kawaida. Mwaka 2022 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia na kujumlisha tafiti za tiba, wakajumlisha majaribio 35, watu zaidi ya 3,000, wakaona wastani wa kushuka kwa pointi 0.43 za kipimo hicho baada ya miezi mitatu hadi minne. Nambari hizo zinaonekana ndogo kwa asiyekaa kliniki. Sisi tuliokaa tunajua kuwa kushuka kwa namna hiyo ndiko tunakokutafuta tunapomwongezea mgonjwa kidonge cha pili. Mwaka huohuo wa 2022 Uingereza ikaandika katika miongozo yake kuwa mwenye kisukari aambiwe juu ya fizi na apimwe kinywa mara kwa mara, kama anavyopimwa macho na miguu.

Na kwetu kisukari si kile cha zamani. Marehemu Profesa Donald McLarty na wenzake walipopima vijiji sita vya Tanzania, matokeo yakachapishwa 1989, walikuta chini ya mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Rika na vipimo havifanani sawasawa, lakini aliyekaa kwenye kliniki ya wilaya hahitaji takwimu kujua benchi limerefuka.

Sasa niwapeleke wodini, kwenye miaka yangu ya kwanza, na hapa naomba mnisomee taratibu.

Alikuwa mama ntilie, umri wa miaka 26, anapika stendi. Alifika mara ya kwanza kwenye zahanati na maumivu ya tumbo chini ya kitovu, upande wa kulia. Akapimwa mkojo, akaambiwa U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa. Baada ya siku nne akarudi, akabadilishiwa dawa na kuongezewa ya taifodi. Damu kidogo ilikuwa inamtoka, nyeusi nyeusi, akajua ndiyo hedhi imekuja kwa kuchelewa. Jirani akamwambia hiyo ni chango, akampa mizizi ya kuchemsha. Siku ya tisa akaletwa kwetu usiku, kwenye bodaboda, amekaa katikati na mdogo wake amemshikilia kwa nyuma. Alianguka kwenye ngazi za mapokezi.

Nakumbuka kitu kimoja kuliko vyote. Alikuwa hashiki tumbo. Alikuwa anashika bega. "Bega, sista, bega langu." Asiyefundishwa angedhani ameanguka akaliumiza. Damu ikijaa tumboni inasukuma na kuchokoza kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na neva ya pale inapeleka maumivu begani. Macho yake kwa ndani yalikuwa meupe kama karatasi. Presha ya juu 70. Tukamwekea katheta, mpira wa kutolea mkojo, matone machache ya mkojo yakatosha kudondoshea kipimo cha mimba. Mistari miwili. Dokta akaingiza sindano nyuma ya mlango wa kizazi, akavuta damu nyeusi isiyoganda. Hatukuhitaji zaidi.

Daktari msaidizi ndiye aliyempasua, mtu ambaye hakuwa na shahada lakini mikono yake nitaiombea dua hadi nife. Benki ya damu ilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Basi tukafanya walivyofanya waliotutangulia: damu iliyokuwa tumboni ikachotwa, ikachujwa kwa shashi safi zilizokunjwa mara kadhaa, ikaingizwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, akarudishiwa damu yake mwenyewe. Mrija wa uzazi wa kulia, ambamo mimba ilikuwa imetunga, ulikuwa umepasuka kama ganda la kunde. Ukatolewa.

Aliishi. Siku ya tatu nilipokuwa nambadilishia kidonda nilimuuliza, "Mdogo wangu, mbona hukuwaambia kule zahanati kama siku zako zimepita?"

Akanitazama. "Hakuna aliyeniuliza, dada."

Kipimo cha mimba cha mkojo bei yake dukani inakaribiana na ya soda. Alikojoa kwenye kikopo mara mbili ndani ya siku tisa. Mkojo ulikuwepo. Uliangaliwa usaha tu, ukamwagwa.

Elimu ya ugonjwa huu ni ya kale mno. Tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba aliueleza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Birmingham, mwaka 1881, daktari mmoja alimsihi mpasuaji mashuhuri Robert Lawson Tait ampasue mwanamke aliyekuwa anavuja damu tumboni. Tait akakataa, mwanamke akafa. Maiti ilipochunguzwa ikaonekana kuwa kuufunga mrija ule na kuutoa kungeisimamisha damu. Mwaka 1883 akapasua mwingine, akautoa mrija, mgonjwa akapona. Tangu hapo dunia inajua dawa ya mrija uliopasuka. Leo wanajua pia kuwa mimba kama moja au mbili katika kila mia hutunga nje, zaidi ya tisa katika kumi kati ya hizo zikiwa kwenye mirija, na kwamba ikigunduliwa mapema, kabla mrija haujapasuka, wapo wanawake wanaotibiwa kwa sindano ya methotrekseti bila kisu, njia iliyoanza kujaribiwa Japani mwaka 1982.

Watafiti wa Ulaya sasa wako mbali. Mwaka 2014 jaribio lililoongozwa kutoka Uholanzi kwa wanawake 446 liliuliza kama ni afadhali kuufungua mrija na kuubakiza au kuutoa wote, iwapo ule wa pili ni mzima. Waliobakiziwa, asilimia 60.7 walikadiriwa kushika mimba wenyewe ndani ya miaka mitatu, waliotolewa, 56.2. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Mwaka 2023 Waingereza wakajaribu kuongeza gefitinibu, dawa ya saratani ya mapafu, juu ya methotrekseti kwa wanawake 328, ikaonekana haisaidii kupunguza upasuaji. Nawaheshimu kwa kutangaza jibu la hapana wazi kama wanavyotangaza la ndiyo. Lakini, Waheshimiwa, hayo ni maswali ya nchi ambazo mwanamke anafika mrija ukiwa bado mzima. Swali letu ni jingine. Sisi tunataka kujua alipotelea wapi katika zile siku tisa. Tukinakili maswali yao tutapata majibu yao, na mama ntilie ataendelea kuanguka kwenye ngazi.

Hata Waingereza hawakufika hapo kwa vifaa tu. Walikaa miaka wakichunguza kwa siri vifo vya wazazi, kifo kimoja kimoja, wakagundua kuwa baadhi ya waliokufa kwa mimba ya nje walikuwa wametibiwa kuhara na kutapika, kwa kuwa damu ikichokoza utumbo dalili zinafanana na za tumbo la kuharisha. Ndipo wakaagiza kuwa mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye dalili hizo, hata zisizo wazi, apimwe mimba. Haukuhitajika uvumbuzi wowote. Kilichohitajika ni agizo na mtu wa kulisimamia.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi utafiti wa maana katika vituo vya chini. Naomba wakumbushwe Mwanza. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika jamii 12 za mkoa ule: vituo vya afya na zahanati za kawaida zilipewa mafunzo na dawa za kutibu magonjwa ya zinaa vizuri, na maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yakapungua kwa kiasi cha asilimia 40. Dunia nzima ilisoma kutoka kwetu. Na lile jambo linarudi palepale kwenye mirija. Huko Lund, Uswidi, walifuatilia kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake waliowahi kuugua uvimbe wa maambukizi ya nyonga: katika mimba ya kwanza baada ya ugonjwa, asilimia 9.1 zilitunga nje, na kwa wasiougua asilimia 1.4. Klamidia, mojawapo ya magonjwa ya zinaa yanayoleta uvimbe huo, inaunguza mirija kimyakimya, mara nyingi bila uchafu wala maumivu ya kumleta mtu hospitali. Tiba yetu ya kufuata dalili haiwezi kumkamata asiye na dalili. Hilo ni somo la utafiti linalotufaa sisi kuliko gefitinibu.

Ninachoomba ni hiki. Katika kila kliniki ya kisukari, karatasi ya mgonjwa iwe na mstari wa mdomo kando ya mstari wa mguu: fizi zinatoka damu, meno yanacheza, anatafuna nini. Muuguzi anaweza kuyauliza kwa dakika mbili, na tochi anayo. Akiona tatizo, ampeleke mgonjwa ng'ambo ya uwanja siku ileile, asimwambie arudi Jumatatu, kwa maana nauli ya Jumatatu hana. Na huko ng'ambo pawe na kitu cha kufanya zaidi ya kung'oa. Bila vifaa vya kukwangulia ugaga na mtu wa pili wa kushika zamu, rufaa yangu itakuwa ni kumhamisha mgonjwa kutoka benchi moja kwenda jingine.

Kwa wanawake: asiandikiwe dawa ya U.T.I. mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, kuzimia, au damu isiyo ya kawaida kabla mkojo uleule haujapimwa mimba. Kipimo hicho kisiishie maabara ya hospitali. Kiwepo zahanati, mezani, bure. Akionekana ana mimba na tumbo linauma, asipewe tarehe ya kliniki. Apelekwe penye ultrasaundi na chumba cha upasuaji. Nimefurahi kuona vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba hivyo, na mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wa kupiga 115, umeokoa wengi. Lakini mwanamke wa wiki sita hana kadi ya kliniki, hana tumbo la kuonekana, na mhudumu anayepokea simu akiuliza "uchungu umeanza lini?" atakata tamaa. Tangazeni wazi, redioni na kwenye mbao za zahanati, kwamba namba ile ni yake pia.

NIMR na vyuo, kwenu nina neno la peke yake. Maktaba zenu zina tasnifu za vijana wetu juu ya fizi, juu ya kisukari, juu ya dharura za uzazi. Mgonjwa anapoombwa kushiriki anasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili fasaha. Anatia dole gumba, anatoa damu, anafungua mdomo. Matokeo yakitoka, yanatoka kwa Kiingereza na yanakwenda mahali asipopajua, na muuguzi aliyempeleka kwa mtafiti naye hayaoni. Aliyeombwa ridhaa kwa Kiswahili apewe matokeo kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe kliniki. Na mfanye hesabu ambayo haijulikani benchini kwetu: wanawake wangapi wanafika mrija umeshapasuka, walipita vituo vingapi kabla, na waliambiwa nini. Katika vitabu vya MTUHA, vya takwimu za huduma za afya, nilivyojaza mimi mwenyewe, ziara mbili za kwanza za mama ntilie yule ingekuwa haiwezekani kuzipata. Zilihesabiwa kama U.T.I. mbili zilizotibiwa.

Kuna jambo jingine kumhusu, na siwezi kuliacha. Aliporuhusiwa, karatasi yake ilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza. Ukweni wakaisoma wanavyojua wao, wakasema ametoa mimba. Aliniletea ile karatasi, analia, nikaenda nyumbani kwao nikamweleza mama mkwe kwa mdomo wangu: mimba ilitunga mahali pasipo na nafasi, isingeweza kukua, hakuna mtu aliyeitoa. Nikamwambia na mume kuwa kwa kiasi cha mwanamke mmoja katika kumi hali hiyo hurudi, kwa hiyo siku za mkewe zikipita awahi hospitali wiki ileile. Alipata mimba tena baada ya miaka miwili, akaja wiki ya sita, ultrasaundi ikaonyesha imetunga ndani. Si kila mwanamke atapata muuguzi wa kumfuata nyumbani. Karatasi ya Kiswahili ingeweza kumfuata kila mmoja.

Mwalimu ametangulia mbele ya haki mwaka juzi. Binti yake ana miaka 41 na mwaka huu ameambiwa ana kisukari. Wiki iliyopita alinisimamisha sokoni, akaniuliza kama ni kawaida fizi kutoka damu akipiga mswaki, na kama akienda Alhamisi aseme kwa daktari wa sukari au akate namba ya meno. Nimemwomba asubiri jibu lenu. Waheshimiwa, nimwambie aende mlango upi?

Wenu katika utumishi,
Muuguzi mkunga mstaafu